Kitabu cha Dada Monika

Juzi, kwenye semina ya walimu mjini Tabora, mwenyekiti alisoma wasifu wangu: vyuo nilivyosoma, miaka niliyofundisha watoto wanaoshindwa kusoma. Watu wakapiga makofi. Mawazo yangu yalikuwa Sikonge, alasiri moja ya utotoni, kwenye darasa la dini lililonukia nta, kwa sababu kwenye nyumba ya jirani walikuwa wakichuja asali.

Alasiri ile dada yangu Monika alipimwa kusoma, maana asiyejua kusoma hakubatizwa. Alisoma ukurasa wa kitabu chake cha dini kwa sauti tulivu, kidole kikifuata mstari, na mwalimu akatabasamu. Mimi nilijua ameukariri kwa kunisikiliza kila jioni nikimsomea huku akitwanga. Nami nilikuwa nimefundishwa kwamba udanganyifu ni dhambi.

"Mwalimu," nikasema, "mfungulie ukurasa mwingine."

Akafungua. Kidole cha dada hakikusogea. Nikawasikia nyuki waliofuata masega kwa jirani.

Njiani nilimwambia kwamba ni mvivu.

"Si uvivu, mdogo wangu," akajibu. "Herufi zinatembea kama siafu."

Nilicheka, nikidhani ni kisingizio. Siku hizi mtoto akiniambia hivyo, namsogezea kiti na kazi inaanza.

Dada hakurudi tena darasani. Kitabu chake alinipa mimi, na kila alasiri ya darasa alikifunga kwenye kitambaa safi, akanikabidhi, akasimama mlangoni kunitazama nikienda kusoma.