Jeep Iliyoinua Mkia

Mama yangu aliapa mbele ya majirani kwamba hatapanda tena jeep yangu. Ilikuwa baada ya safari ya Kirumba, ambapo kila shimo lilimpiga mgongoni hadi akashuka amejikunja. Kosa lilikuwa langu. Miaka mingi nimepakia viazi vya Lubero katika ile jeep kuukuu, na lame za nyuma, yale mabapa ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine kubeba uzito wa gari, zilikuwa zimenyooka kwa uchovu. Mkia ulikaa chini, pua ikatazama mawingu, na tukiingia shimoni chuma kiligonga chuma.

Kisha binti yangu akajifungua huko Beni, mtoto wake wa kwanza. Katika familia yetu mtoto wa kwanza huingia kanisani kubatizwa akiwa mikononi mwa koko, bibi mkubwa wa ukoo, na koko ni mama yangu. Ndiye aliyemwingiza binti yangu mwenyewe. Pikipiki mgongo wake hauiwezi, na teksi za kubanana hataki hata kuzisikia. Binti yangu akanipigia simu: “Mama, koko akikosa kuya, sitabatizisha mutoto.” Niliogopa, maana ana kichwa kigumu kama changu, na ubatizo ulikuwa Jumapili.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwa fundi, hapa Butembo. Aliinua nyuma kwa kriki, akaiegemeza juu ya magogo, akazifungua lame zote na kuzipanga kwenye sementi. Kwa chaki akachora mpindo uliotakiwa. Halafu akalaza lame ya kwanza juu ya ekseli kuukuu ya lori na kuanza kuigonga kwa nyundo, pa! pa! pa!, toka ncha hadi ncha, kisha akairudisha kwenye chaki kuona kama imetii. Napenda sana kuona chuma kikitii. Nilikaa pale nikitabasamu peke yangu.

“Mama, hii gari inabebaka magunia ngapi?” akauliza.

Sasa, mfanyabiashara wa Butembo ukimuuliza mzigo wake mbele ya wenzake, usitegemee ukweli. Na pale walikuwepo wenzangu wawili wa viazi, wakisubiri magari yao.

“Kumi,” nikasema. Mmoja akageuka kunitazama. “Mara ingine kumi na mbili.”

Ni sita. Na la sita hulalamikiwa na jeep njia nzima.

Fundi aliinamisha kichwa kwa heshima, akatafuta lame mbili nene za lori lililofia Kasindi, akaongeza moja kila upande. Saa tisa akaondoa magogo. Mkia ulibaki juu, pua ikainama, kama mbuzi anayekunywa mtoni. Nilirudi nyumbani nikipiga honi bila sababu, nikiwasalimu hata watu nisiowajua.

Mama alikubali kujaribu, mpaka kwenye kona tu. Hatukufika kwenye kona.

“Simamisha! Ulinitoa ku shimo, sasa uko unanitupa mbinguni! Niko naruka sawa harage ku lungo ya kupepeta!”

Akashuka, akakaa kizingitini na mkoba wake uliokwishafungwa. Juu yake alikuwa ameweka kitambaa cheupe cha kumfunikia mtoto, akawa anakikunja na kukikunjua. Hakunitukana. Hilo liliniuma kuliko matusi yote.

Nikamrudia fundi nimewaka moto.

“Papa, umeniharibia gari!”

“Ilibeba magunia ngapi?”

“Hakuna gunia. Ni mama yangu tu.”

“Koko mumoja? Lakini ulisema kumi!”

Nikatazama viatu vyangu. “Ni sita,” nikasema kwa sauti ndogo. “Inabebaka sita.”

Alicheka mpaka akakalia tairi. Nilimwomba atoe zile lame za lori, akanionyesha jua lililokuwa likizama. Fundi wangu ni Msabato. “Sabato iko inaingia, mama. Sitagusa boulon wala spana tena mpaka kesho jioni. Lakini gari haina ubaya. Iko na njaa. Ipatie uzito.”

Uzito gani? Viazi vyangu vilikuwa bado Lubero, na safari ilikuwa kesho yake asubuhi. Nikapita karibu na parokia nimekata tamaa, na ndani kwaya ya akina mama ilikuwa ikifanya mazoezi. Wiki nzima walikuwa wameniomba nafasi ya kwenda kumwimbia mtoto, nami nikawakatalia: jeep itavunjika. Nikasimama mlangoni.

“Bamama, munataka kwenda bangapi?”

“Babili tu,” wakajibu kwa unyenyekevu. “Hatutakusumbua.”

“Hapana! Nataka banane. Na bale banene batangulie.”

Kicheko kikalipuka, na wakaanza kugombania nani mnene zaidi.

Jumamosi waliingia mmoja mmoja, na kwa kila mmoja mkia ulishuka kidogo, hadi jeep ikakaa sawa kabisa. Mama aliizunguka mara mbili, akaingia nyuma, katikati ya wawili walio wakubwa kuliko wote. Njiani alifumba macho kusubiri lile shimo kubwa. Tukayumba polepole. Akafumbua jicho moja.

“Iko wapi?”

“Tumeiacha nyuma, mama.”

Akaanzisha wimbo mwenyewe, na kwaya ikamfuata. Nilikuwa na furaha ya kijinga, naimba sauti isiyo yangu, machozi yakinitoka.

Uani kwa binti yangu, Beni, wale wanane walishuka wakiimba, na mkia ukapanda tena pamoja na mama yangu ndani. Alipotaka kushuka, mguu wake ukatafuta ardhi na kuikosa. Nilikimbilia kiti, lakini binti yangu hakungoja. Alitoka mbio na mtoto, akamwinua hadi mlangoni mwa jeep. Mama akatandaza kile kitambaa cheupe mapajani, akampokea, na wimbo ukakatika wenyewe.

Nami, mjinga, nikainama kutazama lame kama zimeshuka.

“Wacha kuangalia huko,” mama akasema, bila kuinua macho kutoka kwa mtoto. “Uzito imetosha.”