Ramani ya Mikono Mirefu

"Hakuna askari wa brigedi yetu aliyeanguka bila kalamu yangu kujua alikolazwa."

Hivyo ndivyo Théodore alivyotamba kwenye maikrofoni, harusini kule Turffontein, ukimbizini kusini mwa Afrika, sahani ya wali ikiwa bado mkononi. Watu walicheka. Mlinzi wa usiku wa duka la matairi huko Kensington, anayelipwa kukodolea macho geti ambalo hata wezi wamelichoka, leo kageuka historia. Lakini ilikuwa kweli. Ujanani alikuwa ofisa katika makao makuu ya brigedi ya waasi, mashariki ya Kongo. Kazi yake ilikuwa kuandika amri na kuchora ramani, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri na shabaha yake ilitisha wenzake kuliko adui.

Mtu mmoja tu hakucheka: Mama Mamie, msusi. Mdogo wake, Firmin, alikuwa mpiga redio wa brigedi hiyo hiyo, akaenda asirudi. Alimfuata Théodore mpaka kwenye meza ya soda, akamwuliza kwa sauti ya chini kama Firmin naye yumo ramanini. Théodore akasema yumo. Jumanne aje nyumbani kwake Malvern, atamwonyesha alipo.

Siku zile alilala mchana, kama walinzi wanavyolala, na usingizi ukamrudisha kule. Ukungu ulipanda kutoka mto Kabushwe bila haraka, kama mtu asiyedaiwa. Firmin alikuwa juu ya kasha la betri, akiita redioni vituo ambavyo havipo tena, navyo vikimwitikia. Milima yote ilikuwa ya penseli. Ukigusa bonde kwa kidole, linafutika. Aliamka vidole vikimwasha.

Jumanne akavuta begi la plastiki la miraba lililokuwa chini ya kitanda. Begi hilo lilivuka naye mipaka yote. Hati ya ukimbizi aliipoteza mara mbili. Karatasi za vita hazikuwahi hata kuloa. Amri zilikuwamo, zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Ramani haikuwamo.

Sebuleni, Mama Mamie alikuwa keshaketi kwenye kiti cha wateja wa Marcelline, mke wa Théodore na fundi wa nguo, mkoba magotini.

"Mama Héritière," Théodore akamwita mkewe, polepole. "Ile karatasi kubwa nyepesi, yenye mistari?"

Marcelline hakuondoa mguu kwenye cherehani. "Ile ya patroni? Si ndiyo ile pale msumarini. Niliikata vipande, miaka yote hii navikatia blauzi. Karatasi ya maana, haichaniki."

"Patroni?"

"Nukta nukta, mishale, misalaba. Nikajua ni ya fundi fulani wa kwetu. Penye misalaba natia vifungo."

Heshima ya brigedi ilikuwa inaning'inia kati ya suruali ya mchungaji na pazia la jirani. Sakafu ingekuwa na adabu ingefunguka immeze. Angeweza kusema ramani ilipotelea mpakani. Nani asiyepoteza karatasi mpakani? Hakuna ambaye angeuliza tena. Ila Mama Mamie alikuwa akimtazama. Akavitungua vile vipande.

Akapiga magoti, akavipanga sakafuni: mgongo, kifua, kola, mkono. Vita vikarudi taratibu, safari hii vikiwa na umbo la mwanamke wa saizi ya kati. Mto ulianzia begani, ukateremka mkono mzima. Barabara ya malori ilikuwa pindo. Milima ililala kifuani, kimya, kama ile ya usingizini, ila hii haikufutika alipoigusa. Na kule mwisho wa mkono, karibu na kiganja, palikuwa na msalaba mdogo na herufi F.

"Hapa, yaya," akasema, kama kwao anavyoitwa dada mkubwa. "Ng'ambo ya daraja la magogo. Tulimzika asubuhi. Mimi mwenyewe nilishika koleo."

Mama Mamie akaweka kidole juu ya msalaba, akakiacha hapo. Marcelline akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Nusu ya kwaya yetu wanavaa blauzi hizi," akasema Mama Mamie. "Kila Jumapili wanamfunga na kumfungua."

Théodore akaukunja ule mkono wa karatasi, akampa kwa mikono miwili. Marcelline naye akasema auchukue, yeye atachora mwingine. Mama Mamie akaurudisha.

"Papa Théo, karatasi nitaiweka wapi mimi? Mkeo anipime blauzi."

Akanyoosha mkono. Marcelline akatoa futi shingoni.

Blauzi ya mikono mirefu kwa Marcelline, ukija na kitambaa chako, ni randi mia mbili na hamsini, vifungo vikiwemo.