Mpira wa Mwisho wa Mjomba

Mjomba wangu alirudi kutoka ukimbizini Bujumbura na chuma kimoja cha gofu na mipira mitatu. Huko alikuwa akiwabebea wachezaji mikoba, na kwa kuwatazama alijifunza pigo moja tu: lile fupi la mwisho, la kuuinua mpira kidogo na kuuacha ufe karibu na shimo. Hapa Fizi alifukia kopo la nyanya kwenye malisho nyuma ya nyumba yetu. Ng'ombe wa jirani aliyeshuka kutoka milimani wamezikata nyasi zake fupi sana. Hatua tano nyuma ya kopo kuna korongo.

Mipira miwili niliipeleka korongoni mimi. Mimi ni mwalimu, lakini mikono yangu ni ya shamba la muhogo: nilikiinua chuma juu ya kichwa, nikakishusha kwa nguvu, kisha nikakivuta kwangu.

"Unalima nini pale, mwalimu?" mjomba alinifokea. "Jembe ubakishe ku shamba! Hapa mukono inapita tu."

Mimi nina hasira za karibu. Kadiri alivyonifokea ndivyo nilivyozidi kulima.

Halafu macho yake yakaingia giza. Binti yake, ninayemwita dada, muuza samaki katika mji wa Baraka, akaja kumchukua akaishi naye.

"Mupira imebakia moja," mjomba alimwambia. "Siku itapotea, nitashuka na we. Leo hapana."

Dada alinitazama. Nilijua anaomba nini moyoni, na sikumlaumu, baba ni wake. Lakini mjomba ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka saba, na nyumba ile bila kikohozi chake cha asubuhi ilinitia hofu.

Saa ileile akanipa chuma, dada akiwa amesimama palepale. Niliona korongo tu, kopo sikuliona. Kwa mara ya kwanza sikutaka kumwonyesha mtu nguvu zangu. Nikaiacha mikono ipite. Mpira ulipanda hadi usawa wa kiuno, ukaanguka, ukadunda mara mbili.

Mjomba aliinamisha sikio. "Imesimama?"

"Imesimama, mujomba."

"Basi, kesho tena."

Dada akashuka Baraka peke yake, amenuna.

Sasa ni mwaka wa pili. Mpira umechubuka, na mjomba bado ananifokea kila jioni nikitoka darasani. Namshukuru kwa kila jioni, na kwa mikono hii iliyojifunza kutulia ukubwani. Hata wanafunzi wangu wamepumua.

Mwezi uliopita dada alikuja tena na samaki wake wadogo wa ndagala. Nilidhani ugomvi umerudi. Nilipokuwa najipanga kupiga, alivua viatu, akapita nyuma ya kopo, akasimama ukingoni mwa korongo na kukitandaza kitenge chake kwa mikono miwili ili mpira usipite.