Kiatu Hakitoki Bila Kukung'utwa

Saa tatu asubuhi, mlango wa duka umefunguliwa nusu tu, lakini kelele za kazi zimeshafika barabarani. Kwa! Kwa! Mama mmoja mnene anagonganisha viatu vya mtoto juu ya sinia la bati. Anaingiza vidole hadi kwenye ncha, anachomoa karatasi iliyosokotwa, kisha anakung'uta tena. Kipakiti cheupe kinadondoka. Ti!

"Huyo hapo!" anasema, kama mtu aliyenasa panya.

"Bibi Kung'uta, utavitoa viatu roho!" anapaza sauti jirani yake, muuza ndoo.

"Wewe uza ndoo zako. Viatu havina roho, wenye roho ni watoto."

Mtaa mzima unamwita Bibi Kung'uta, na yeye anaitika. Anauza viatu vya watoto tu, na kila katoni mpya huja na vipakiti hivyo vya kunyonya unyevu, ili ngozi isiote ukungu njiani. Vimeandikwa kwamba haviliwi. "Lakini mtoto hajui kusoma," anasema. "Anajua kuonja."

Leo anakung'uta kwa bidii kuliko kawaida. Binti yake, ambaye ni msusi, anakuja kulikagua duka. Akiridhika, mjukuu atarudi kushinda na bibi yake. Asiporidhika, basi tena.

Mjukuu huyo anaitwa Bosi, kwa sababu akilia kila mtu anasimama. Tangu mwezi uliopita amepigwa marufuku kukanyaga hapa. "Na hata kukanyaga hajui," bibi anacheka. "Anatambaa."

Kisa chenyewe hakikuwa cha kuchekesha. Siku hiyo wateja walijaa na Bosi alikuwa analia. Bibi akampa kipakiti akitikise, kama alivyozoea. Kililia cha-cha-cha, naye akanyamaza.

"Nilijiambia Mungu kanipa kayamba la bure," anasimulia. "Nikasahau kwamba meno yameota. Jino jipya halina subira."

Alipogeuka, kipakiti kilikuwa kimechanika na chembe ziling'aa juu ya ulimi wa mtoto. Mteja mmoja akasema apewe maziwa, mwingine akasema atapishwe. Bibi alizitoa chembe alizoziona kwa kitambaa chenye maji, akambeba mtoto, akakumbuka kuchukua na kipakiti, akakimbilia zahanati. Njiani hakuweza kuomba dua ndefu. "Nilisema 'Ee Mola' tu. Nadhani alijua yaliyobaki."

Muuguzi alimsikiliza mtoto kifua, akatabasamu. "Hizi chembe zenyewe kwa kawaida si sumu, mama. Tunachoogopa ni kumpalia. Mpe maji kidogo kidogo, na usimtapishe. Akikohoa bila kukoma au akipumua kwa shida, mrudishe mbio. Na umefanya vizuri kuja na kipakiti, maana havifanani. Vingine vina chembe za rangi au unga wa chuma, na hivyo ni habari nyingine."

Bosi alitoka salama, akidai uji. Aliyebaki na maneno ni mama yake. "Mama, nakupenda," alisema, "lakini mwanangu hakai tena kwenye duka lile mpaka nilikague kwa macho yangu."

"Mauzo hayakupungua," anasema Bibi Kung'uta, sauti ikishuka. "Niliyepungua ni mimi."

Hapo ndipo sinia lilipoingia kazini. Kila kipakiti sasa hutumbukia kwenye kopo lenye kifuniko cha kuzungusha, lililotundikwa karibu na dari, na jioni hutupwa kwenye pipa la taka la nje. Mteja naye haondoki bila mahubiri: akague mkoba mpya, kasha la redio, hata chupa ya vidonge, maana navyo huja na vipakiti.

Binti anafika, Bosi yuko mgongoni. Anasalimia, anamkabidhi muuza ndoo mtoto, kisha analala kifudifudi sakafuni.

"Unafanya nini?" mama yake anauliza.

"Naangalia anapoangalia Bosi."

Anapitisha mkono chini ya rafu. Unagota kitu. Bibi anashika kifua. Mkono unatoka na miwani yenye vumbi.

"Mama! Si ulisema imeibwa?"

"Na mwizi nilikuwa mimi!" anapayuka muuza ndoo. "Nilisingiziwa mwezi mzima!"

"Nisamehe, baba. Bila miwani ningekuonaje kuwa mwema?"

Wakiwa bado wanacheka, binti anachagua jozi kutoka rafu ya juu, anaikung'uta juu ya sinia. Kimya. Anachukua nyingine. Kimya. Dua nyingine hujibiwa kwa sauti, na nyingine hujibiwa na sinia lisilolia.

Anamchukua mwanawe, anamweka sakafuni. Bosi anatambaa moja kwa moja hadi kwenye sinia na kulipiga makofi.

Bibi Kung'uta ana ombi moja: hatua ya kwanza ya mjukuu wake ipigwe hapa. Viatu ameshavichagua, vyekundu, vyenye kamba nyeupe.

"Nilivikung'uta jana," anasema, akimpa binti yake.

Binti anavipokea, anainama juu ya sinia. Kwa! Kwa!

"Sasa," anasema, "mvalishe."