Damu Nyuma ya Jicho

Kwa miaka mingi kazi ya yule muuguzi wa chumba cha macho ilikuwa kushika mikono. Daktari alipoichoma sindano ya ganzi chini ya jicho, ikapenya taratibu hadi nyuma yake, yeye alimwinamia mgonjwa na kumnong'oneza, "Tazama mbele, usitikisike. Nitajie wajukuu zako." Kabla hawajaisha kutajwa, sindano ilikuwa imeshatoka.

Ndiyo maana dada yake mkubwa, msusi, alipopata mtoto wa jicho akaanza kuchanganya nyuzi nyeusi na za kahawia, hakumpa nafasi ya kupumua, akimhimiza apasuliwe.

"Mimi na sindano hatuivi chungu kimoja," dada alisema.

"Nitakuwa hapo hapo, dada. Ni kama kuumwa na siafu tu."

Akakubali, shingo upande.

Asubuhi ile daktari alichoma kama kawaida, akachomoa, akalikandamiza jicho kwa shashi. Alipoiinua, kope lilikuwa limevimba na jicho limetokeza, gumu kama jiwe. Damu ilikuwa ikivuja nyuma yake. Daktari aliomba mkasi, akakata pembe ya kope ili mgandamizo upungue. Dada alivikaba vidole vya mdogo wake.

"Siafu gani huyu?" aliuliza.

Upasuaji ukaahirishwa. Uvimbe ulikwisha, lakini mshipa wa kuonea ulikuwa umekufa. Daktari alieleza kwamba hutokea mara chache sana, hata mkono ukiwa stadi. Alieleza kwa upole, akitazama sakafu.

Dada hakumlaumu mtu. Hilo ndilo lililomtafuna muuguzi, afadhali angetukanwa. Jicho la pili nalo likaanza kutanda ukungu. Siku moja jikoni muuguzi alijaribu kumweleza dada yake kwamba ipo njia nyingine, ganzi hupitishwa kwa kijibomba butu, kisicho na ncha, chini ya utando wa jicho.

"Nyamaza, mdogo wangu," dada alimkatiza, bila hasira.

Jicho likaachwa hivyo hivyo. Wateja walipungua, kiti cha kusukia kikabaki kitupu. Jumapili moja muuguzi alikaa chini, kati ya magoti ya dada yake, akampa kichwa. Vidole vilipapasa, vikagawa nywele, vikasuka polepole mpaka jioni.

"Mistari imenyooka?"

Muuguzi alijitazama kwenye kioo. Ilikuwa imekwenda kombo yote.

"Imenyooka, dada."

Kesho yake alikwenda nayo kazini, na hakuifunika.