Bi Herufi na Bajeti ya Kwanza

Walimwita Bi Herufi kwa sababu kosa halikumponyoka. Alikuwa mpiga chapa wa Hazina, mjane mwenye mabinti wawili, na nchi yenyewe ilikuwa na umri wa wiki sita.

Wakoloni walipofunga virago waliacha idara kumi na nne. Serikali mpya ikazipangua na kuzipanga upya zikawa wizara tisa. Mawaziri wengine walikuwa bado wanahangaika kutafuta meza. Bajeti ya kwanza ilitakiwa bungeni saa nne asubuhi, siku ya mwisho ya mwezi. Isipopita, sheria haikuruhusu hata senti kutoka.

Saa mbili na nusu asubuhi hiyo, mashine ya kurudufu ikitema kurasa, Bi Herufi aliizima ghafla. Akaupitia ukurasa wa kumi na mbili, wa mishahara, kwa kidole.

"Wauguzi hawamo," alimwambia Katibu wa Hazina.

Idara ya zamani ya elimu na afya ilikuwa imegawanywa. Walimu walihamishiwa wizara yao. Wauguzi na wakunga hawakuhamishiwa popote. Kila mtu alidhani mwenzake kawabeba.

Katibu, aliyekuwa karani mwenzake mpaka wiki sita zilizopita, alijifuta jasho. "Dada, kazi yako kupiga chapa, si kutawala. Tutarekebisha baadaye."

"Baadaye ni kikao kijacho, kaka. Miezi sita! Watakula nini?"

"Na waliotukopesha fedha za bajeti hii? Wanasubiri tuboronge tu waseme hatuwezi. Tukichelewa, shingo yangu ndiyo itakayokatwa. Washa mashine!"

Bi Herufi hakuiwasha. Alichukua kurasa, akapanda ngazi mbio hadi ghorofa ya Waziri wa Fedha. Mlinzi akamzuia.

"Una miadi, mama?"

"Mimi sina. Wanayo wagonjwa."

Mlinzi hakuelewa, lakini alimpisha. Waziri alikuwa akifunga tai mbele ya dirisha. Alisoma, akasoma tena, uso ukamshuka.

"Mkopo wote umeshagawanywa. Fedha zitoke wapi?"

Kila ukurasa ulikuwa umepita mikononi mwa Bi Herufi. "Ukurasa wa tatu, mheshimiwa. Magari ya mawaziri."

Waziri akaufunua.

"Langu limo?"

"Ndilo la kwanza."

Waziri akachukua kalamu, akakata magari yote tisa, kisha samani za nyumba zao. Akajumlisha. "Zitawafikisha wauguzi miezi mitatu. Kabla haijaisha nitaliita Bunge tena, wanitukane wanavyotaka."

Bi Herufi alichapa upya huku Katibu akimsimamia mgongoni. Saa nne kasoro dakika saba mabunda yalitoka mlangoni, wino haujakauka. Jioni bajeti ikapita, kwa kelele nyingi kutoka viti vya mbele, walikokaa mawaziri.

Jumatatu alikuta barua mezani: amehamishiwa masjala, chini kabisa ya jengo.

"Umeniruka, dada," Katibu alisema, macho yakiwa kwenye meza. "Labda ulikuwa na haki. Ila siwezi kulala nikijua utaniruka tena."

"Nisingekuruka kama ungenisikiliza."

Alibeba kikombe chake na sweta, akashuka. Masjala ilikuwa na mafaili ya idara zote kumi na nne yamerundikwa kama kuni. Akaomba taa yenye mwanga, akakunja mikono ya gauni, akaanza na yale ya hospitali.