Nafasi ya Tai Kwenye Benchi

Basi lilinishusha njia panda na kuondoka kabla sijaishika kofia yangu vizuri. Upepo wa baharini uliipokonya ukaitundika kwenye uzio wa seng'enge, na nilipoifuata ndipo nilipouona uwanja wa gofu: vilima vya mchanga vilivyoota nyasi ngumu, hakuna mti hata mmoja, na vijiti vya mashimo vimeinama vyote upande mmoja kama abiria ndani ya gari linalokata kona.

Safari yangu ilikuwa inaendelea kesho yake. Gofu nilijifunza ukubwani, tena vibaya, katika miji ya watu, kwa kuwa ni mchezo unaomruhusu mgeni kuzurura mchana kutwa bila kuulizwa anatafuta nini. Nikaazima fimbo, nikanunua mipira, nikaelekezwa nyuma ya jengo la klabu kutafuta kedi wa kunibebea mkoba.

Chumba cha makedi kilikuwa na ndoano za makoti, birika lenye masizi, na benchi refu lililong'arishwa na suruali za miaka mingi. Nyapara wao, mwanamume mnene mwenye miwani puani, alikuwa akishona bendera ya klabu iliyopasuliwa na upepo. Alinikagua juu ya miwani kama mzigo unaovuka mpaka, kisha akanieleza desturi yao. Kila kedi ana mahali pake pa kukaa, na kazi hugawiwa kwa kufuata benchi. Anayeaga kwa dharura, nafasi yake humngoja. Anayeonekana haiwezi kazi, wenzake husogea, nafasi ikazibwa, na ikishazibwa hairudi.

Zamu ilikuwa ya mwanamke wa makamo waliyemwita Tai. Pale kedi hutangulia, akasimama juu ya kilima, na mpira ukitua hunyoosha mkono kuonyesha ulipoangukia, maana upepo ule huupeleka mpira mahali ambapo aliyeupiga hawezi hata kupakisia. Jina la Tai lilitokana na macho yake. Walisema hakuna mpira uliowahi kumpotea.

Nyapara alinivuta pembeni. Yule, akasema, ni mke wa marehemu kaka yake, na wenzake wananung'unika kwamba anampendelea. Juzi mchezaji mmoja amelalamika kuhusu mipira yake. Akilalamika wa pili, Tai atainuliwa kwenye benchi mbele ya watu wote, shemeji au si shemeji.

"Mimi sisemi kitu," akamaliza. "Nasema tu kikulacho ki nguoni mwako." Akaniazima kalamu.

Basi mpira wangu wa kwanza niliuchora msalaba.

Tai alitembea haraka, akizungumza bila kugeuka. Mumewe alikuwa mkata nyasi wa uwanja uleule. Mume alipofariki, Tai aliomba kubeba mikoba, na benchi zima likacheka kwa sababu hapakuwa na mwanamke. Aliwaacha wacheke. Mikoba hiyo ndiyo iliyowasomesha mabinti zake wawili, na sasa mkubwa alikuwa mjamzito. Kesho angekwenda kumwangalia bintiye, ameshaaga.

Nilimsikiliza kwa sikio moja. Kwenye shimo la pili niliupiga mpira vibaya sana, lakini nilipofika Tai alikuwa ameshanyoosha mkono, na mpira umekaa pazuri mno, juu ya nyasi fupi. Nikainama. Haukuwa na msalaba.

Nilichora mwingine, na mwingine. Ile iliyopotea mbali ilirudi imetakasika, bila alama, huku mfuko wa mipira kwenye mkoba ukizidi kunywea. Nikaanza kuitazama mifuko yake, mikono yake, kila alipoinama. Nimeibiwa katika nchi nyingi na kila mara na mtu mchangamfu.

"Mgeni wangu," akasema, "mbona unanitazama kama afisa forodha?"

"Natazama upepo."

"Upepo hauko mfukoni mwangu."

Kwenye shimo lililopakana na bahari nilipiga, na kwa mara ya kwanza niliuona mpira wangu mwenyewe ukitua: kushoto, karibu na nguzo iliyooza. Tai alikwenda kulia. Alizungukazunguka, akainama, akanyoosha mkono. Mimi nikaenda kushoto, nikauokota mpira wenye msalaba, nikamfuata na kuuweka kiganjani mwake kando ya ule alioupata.

"Upi wangu?" nikamuuliza.

Nilitegemea kelele, au kiapo. Yeye alipitisha kidole gumba juu ya mpira mmoja, kisha mwingine, akausogeza karibu na pua. Hapo nikayaona macho yake kwa karibu. Katikati yalikuwa meupe, kama kioo kilichohemewa.

"Yote miwili yako," akasema, akaketi mchangani. "Huu nimeutoa mkobani mwako. Wanasema macho hayana pazia. Yangu yameshushiwa."

Ni mtoto wa jicho, akanieleza, macho yote mawili. Siku tulivu husikia mpira unapotua, na sikio linatosha. Siku ya upepo sikio nalo linakufa, naye huangusha mpira mwingine wa mchezaji yuleyule, asimdhulumu mtu. Kwa binti anakwenda kweli, ila kwa sababu hospitali ya macho iko huko, na amepangiwa kupasuliwa.

Nikamuuliza kwa nini asimwambie shemeji yake.

"Akijua, itabidi aniinue. Akijua akanyamaza, watamwinua yeye. Nikiondoka kwa kuaga, mdogo wangu, nitarudi naona, nikute mahali pangu. Ukisema leo, nitarudi naona nikute ukuta."

Nilitaka kumwamini, lakini hadithi za namna hiyo nimezisikia stesheni nyingi, kwa lugha nyingi. Nikainua vidole mbele ya uso wake, nikamuuliza ni vingapi.

"Daktari naye alianza hapohapo. Ninyi wasomi hamna swali jingine?" Akacheka. "Mkono nauona. Vidole viulize vyenyewe."

Tulimaliza mimi nikitafuta mipira, yeye akihisi upepo kwa shingo na kuniambia nishike fimbo ipi. Nilicheza vibaya vilevile.

Tuliporudi benchi zima lilitugeukia. Nyapara aliuliza kuhusu mipira. Nikamwonyesha ule wenye msalaba, nikasema iliyopotea nimeipoteza mwenyewe. Kedi aliyekaa jirani na nafasi ya Tai alishusha pumzi, na haikuwa ya furaha.

Tai akawaaga, akachukua koti lake. Nyapara alimsindikiza hadi nje, nami nyuma yao.

"Shemeji," akamwambia kwa sauti ya chini, "bendera ya klabu inaelekea wapi? Kuna wageni wanauliza upepo."

Juu kamba ilikuwa ikigonga mlingoti, ko, ko, ko. Tai aliinua uso, akageuza shingo kidogo.

"Barabarani. Na inapepea vizuri, umeishona ikashoneka."

Mlingoti ulikuwa mtupu. Bendera ilikuwa kwapani mwake nyapara.

Alinitazama mimi kwanza, muda mrefu, kama anayepima nitafungua mdomo au la. Kisha akamgeukia. "Haya, shemeji. Msalimie mtoto."

"Zimefika," akasema Tai. Akashika njia, mkono wake mmoja ukiambaa kwenye waya wa uzio.

Tulipoingia, yule jirani alikuwa ameshaanza kusogea. Nyapara akaitandaza bendera pale alipokuwa akikaa Tai.

"Hapa pana mtu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimalize kushona." Akaketi kando yake, akaanza kutunga uzi sindanoni, taratibu, kisha akaninyooshea kiganja bila kuinua macho. "Nawe mgeni, kalamu yangu."